Nduru ya Nchi ya Wengine

Nilipobakisha wiki chache kustaafu, Purity na Wekesa, walimu wawili wachanga ambao sasa wameshika darasa langu, walinijia ofisini kila mmoja na kikombe chake cha chai. Wakaniuliza, "Mwalimu, hili somo la kuingilia nchi za watu unalifundishaje? Maana sisi tukianza kusoma hayo makaratasi tunasinzia." Nikawaambia hata mimi nilisinzia mwaka mzima wa kwanza. Basi sasa niko nyumbani hapa Munyaka, kuku wananiangalia wakidhani ni likizo tu, na nimeamua kuwaandikia. Vyeo na mishahara nitaviruka. Cheo sikuwa nacho, mimi ni raia niliyefundisha wanajeshi, na mshahara wangu haungejaza hata ukurasa.

Somo lenyewe ni swali moja. Kuna nchi ambayo mtawala wake anaua na kufunga watu wake mwenyewe. Je, ni haki wengine waingie na silaha kuwaokoa? Nimeliuliza kwa makuruta, nimeliuliza kwa masajenti, nimeliuliza kwa maafisa wenye nyota begani na usingizi machoni, na sijachoka nalo. Mama yangu huko kwetu kando ya ziwa alikuwa akisema nitaolewa na maswali. Mume wangu anasema ndivyo ilivyokuwa, yeye aliletwa tu kama shahidi.

Siku yangu ya kwanza kwenye chuo cha jeshi ilianza vibaya. Nilikuwa nimetoka kufundisha historia shule ya upili, nimevaa viatu vya kisigino, na nikakatiza uwanja wa gwaride kama mtu anayevuka shamba la mahindi yaliyovunwa. Haki ya nani, sikujua. Uwanja wa gwaride haukanyagwi ovyo, hata na jenerali. Sajenti mmoja alinifokea kutoka ng'ambo ya pili mpaka nikasimama katikati, nisijue kama niende mbele au nirudi. Aliyekuja kuniokoa ni Meja Chelimo. Alinizungusha pembeni polepole, akanibebea mfuko, akasema, "Mwalimu, umeingia nchi ya watu bila kuuliza. Sasa uko tayari kufundisha somo lako." Sikucheka siku hiyo.

Meja Chelimo ndiye aliyenifunza kazi. Alikuwa mtu mwembamba, wa sauti ndogo, na chini ya meza yake hakukosa kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kulala ya kwao. Alizipokea karatasi zangu zote za somo, akazipima uzito kwa mkono, akaziweka juu ya kabati. Halafu akanipeleka kwenye chumba chenye meza kubwa iliyozungushiwa ubao kando kando na kujazwa mchanga. Wanajeshi hupangia vita humo: vilima, mto, barabara ya uzi, nyumba za maboksi ya kiberiti. "Swali lako litaletwa hapa," akasema. "Mtu akiwa kwenye kiti anaongea juu ya nchi. Akisimama hapa anaongea juu ya nyumba."

Vijana, tumieni mchanga wa mto, na muumwagie maji kidogo asubuhi, la sivyo vilima vinabomoka katikati ya hoja. Na mfunge mlango. Paka wa jikoni wana maoni yao kuhusu mchanga.

Meja alikuwa na sheria mbili kwenye ile meza. Ya kwanza, ukisema jeshi liingie mji fulani, lazima useme nani atafungua mfereji wa maji mjini humo kesho yake asubuhi. Mtajionea maafisa hodari, wameshinda vita yote kabla ya chai ya saa nne, wakikwama kwenye mfereji. Sheria ya pili, mwisho wa somo kila mtu anapiga kura kwa mkono, tuingie au tusiingie, na mwalimu naye anapiga. "Mwalimu asiyepiga kura ni mtazamaji," alikuwa akisema. "Watazamaji tuliwaacha uwanja wa mpira."

Yeye kila mara alipiga kura ya kuingia. Nilimuuliza sababu, kama kawaida yangu, si mara moja. Siku moja akaniambia. Alipokuwa kijana alitumwa nchi nyingine kulinda amani, na amri ilikuwa kulinda ghala la chakula, basi, risasi isitoke. Watu walikuja kwenye geti wakiomba wafunguliwe, nyuma yao wanakuja wenye mapanga. Akasimama ndani ya geti na bunduki yake iliyojaa. Aliniambia hayo huku akifunga kibuyu chake kwa kitambaa. "Chakula kilikuwa salama, Mwalimu," akasema. "Hakuna gunia lililopotea." Nililia njia nzima nikirudi nyumbani.

Mimi nilipiga kura ya kukataa, mwaka baada ya mwaka. Si kwamba sikumsikia Meja. Nimefundisha historia. Nimesoma habari za watu wengi walioingia nchi za wengine wakisema wanaleta ukombozi, na babu zetu hapa wanajua walichokileta. Halafu mimi ni mtu wa kuuliza, na mtu anayeingia na kifaru hana nafasi ya kuuliza. Lakini nakiri kwamba kila nilipoinua mkono, nilimtazama Meja kwanza, na nilitamani sana kujua kama ningekuwa pale getini ningesema nini.

Sasa niwaambie siku ambayo somo lilinitoka mikononi. Miaka hiyo ya mwanzo nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Huruma, na mlango wa pili kutoka kwangu palikuwa na duka la fundi wa nguo, Mzee Gabrieli. Alikuwa mkimbizi. Nchi yake siitaji, yeye mwenyewe ameniomba nisiitaje kwa sababu bado ana ndugu huko. Aliwahi kukimbilia hapa mara ya kwanza na familia, binti yake Veronika akasoma hapa Eldoret hadi kidato cha nne. Mambo yalipotulia wakarudi kwao, Veronika akawa nesi. Halafu mambo yakaharibika tena. Watu waliandamana, askari wakawapiga risasi, na Veronika akawafunga vidonda waliopigwa. Kwa kosa hilo akatiwa ndani. Baba akarudi Huruma peke yake, akafungua duka, akashona sare za shule. Kiswahili chake alikuwa amekiokota kwa watoto wa ploti yetu ya nyumba za kupanga, kwa hiyo mzee wa mvi nyeupe alikuwa anakusalimia "Niaje, Mama?" kwa heshima zote.

Miaka ikaenda, mimi nikahamia Munyaka, lakini nguo zangu niliendelea kumpelekea yeye. Na kila nilipokwenda alinieleza jambo lile lile: majirani wa nchi yake waingie, wamng'oe yule mtu. Nikafikiri, kwa nini niendelee kuwafundisha wanajeshi habari za watu hawa bila mmoja wao chumbani? Nikaomba ruhusa, nikapewa, nikamleta Mzee Gabrieli darasani akiwa na tai. Meja Chelimo, ambaye alikuwa anakaribia kustaafu, alikaa nyuma.

Nilianza kwa nduru, kama mnavyojua huwa naanza hivyo. Nduru kila mtu hapa anaijua. Mtu akivamiwa anapiga ukelele ule wa juu, na anayesikia anatoka, awe amevaa au hajavaa. Huruma nimewahi kutoka na mwiko wa ugali. Usipotoka, kesho yake hakuna atakayekusalimia kwenye mfereji. Na huko mashambani anayesikia naye anapiga, boma hadi boma, ili walio mbali waje. Nikawauliza darasa: nchi nzima ikipiga nduru, jirani atoke?

Koplo Kiprono, kijana wa Soy, akasimama. "Madam, ngoja niwaambie ya mjomba wangu. Wezi wa ng'ombe walikuja jioni, watu wakikamua. Mjomba akapiga nduru, akachukua panga, akawafukuza kwenye mahindi. Majirani nao wakapiga, ikaenda mpaka mbali. Sasa wale wa mbali wakaja mbio, hawajui ni kwa nani, hawajui ni nini. Wakaona mtu anatoka kwenye mahindi akikimbia na panga." Akainua mkono kama aliyeshika panga. "Wakamshukia. Wezi walienda na ng'ombe, mjomba akaenda hospitali na mkono umevunjwa mara mbili. Aliyepiga nduru ndiye alipigwa."

Darasa likacheka, halafu likaacha kucheka. Mimi moyoni nilifurahi, hiyo ilikuwa upande wangu kabisa. Nikasema, "Mmeona sasa? Na hao walikuwa majirani wanaompenda." Ndipo nikaona Mzee Gabrieli ameinua mkono kama mwanafunzi.

"Afande wangu," akamwambia Kiprono, "huyo mjomba akapona?"

"Alipona, Mzee. Mkono ulipinda tu."

"Na baadaye, nduru ikilia kwa mtu mwingine, yeye alitoka ama alikaa ndani?"

Kiprono akafikiria. Nilikuwa naye muda mrefu, lakini siku hiyo ndiyo nilimwona akifikiria kweli. "Hutoka," akasema. "Tena huwa wa kwanza. Lakini sasa hakimbii kimya. Anakimbia akiita jina la mwenye boma, na hainui mkono mpaka ajibiwe."

"Basi," akasema Mzee Gabrieli, akaketi, "hiyo ndiyo form."

Chumba kililipuka kwa kicheko, kusikia mzee wa tai akiita mpango "form" kama vijana wa mtaani. Hata Meja alipiga meza. Mimi nilisimama pale na chaki yangu nikijiuliza ni kwa nini sikuwahi kuuliza swali hilo, mimi mwenye maswali.

Tukaenda kwenye mchanga. Mzee Gabrieli alitupangia mji mkuu wa kwao, hapa soko, hapa kanisa, hapa ikulu. Akachukua boksi la kiberiti akaliweka kwenye kilima. "Hii kambi. Wauaji wote wanalala hapa." Halafu akachukua boksi lingine akalibandika ubavuni mwa lile la kwanza, ukuta kwa ukuta. Nikamuuliza hiyo ni nini.

"Jela ya wanawake," akasema. "Veronika yuko hapa."

Meja Chelimo akatoka nyuma, akaja mpaka mezani, akainama akatazama yale maboksi mawili. "Mzee," akasema taratibu, "mimi ni mwanajeshi. Kama naingia mji huu, hapa ndipo napiga kwanza."

"Najua."

"Na bado unasema waingie?"

"Nasema waingie." Akaweka mikono kwenye ukingo wa ubao. "Nyinyi mnafikiri mkikaa, hamjamgusa mtu. Mimi nawaambia kila siku mnayokaa, mtu anaguswa. Ni vile tu hamuoni mkono ni wa nani."

Hapo ndipo nikauliza, na sauti yangu haikuwa ya upole, nakumbuka. "Na hao wanawake wengine walio ndani na Veronika? Baba zao wamekubali?"

Alinigeukia. Sikuwa nimewahi kumwona amekasirika. "Mama, mimi sina kura ya baba zao," akasema. "Na wewe pia huna."

Ilipofika kura, mikono ilipanda karibu yote. Kiprono aliinua wake akiwa amefumba macho. Nilipouliza nani anakataa, nikainua wangu. Ningeweza kukaa kimya siku ile kwa ajili ya mgeni, lakini sheria ya Meja haikuwa na wageni. Mzee Gabrieli aliutazama mkono wangu mpaka nikaushusha. Wiki iliyofuata nilimpelekea gauni la kupunguza. Alinipima kiuno bila kunisalimia. Niliipokea adhabu hiyo na nikalipia gauni.

Tulipatana polepole, kwa sababu Huruma haina nafasi ya kununiana, na kwa sababu hakuna fundi mwingine anayejua bega langu moja limeshuka. Lakini habari za kwao hatukuzigusa tena.

Meja akastaafu, akaenda kwa ng'ombe wake. Mimi nikafundisha mpaka zamu yangu ikafika. Waliniaga kwa ngao ya mbao na sufuria nzuri sana, na sikulia mpaka nilipofika geti. Sikuwa nimemaliza kuwaonyesha kuku kwamba sasa nipo nyumbani, redio ikasema majirani wa nchi ya Mzee Gabrieli wameingia. Walikuwa wameipiga mabomu ile kambi ya kilimani.

Nilifunga kitambaa kichwani nikaenda Huruma. Nilimkuta kwenye cherehani, redio ikiwa juu ya rundo la sare, anashona kola, anaifumua, anaishona tena. Nikadhani atanifukuza. Akasukuma kiti kwa mguu. "Kaa, Mama," akasema. Nikakaa. Siku ya pili nikarudi, na ya tatu. Majirani walileta chai na mandazi, wakasimama mlangoni, wakaenda. Hakuna aliyekuwa na habari ya jela. Yule mtawala alikuwa amekimbia, mjini watu wanacheza barabarani, tunasikia vifijo redioni, na sisi tumekaa tunatazama simu.

Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu pale ploti. Alikuwa amekwenda Nairobi na wazee wengine wa kwao, wakasimama mbele ya mabalozi wa zile nchi jirani, wakaulizwa mmoja mmoja. "Mimi niliulizwa kama nina mtu ndani," akasema. "Nikasema ninaye. Wakaniuliza, na bado unasema tuingie? Nikasema, bado." Akanitazama. "Mama, kama amekufa, mimi ndiye nimemuua. Usiniambie maneno matamu." Sikumwambia. Nilimshika mkono tu, nao ulikuwa baridi.

Simu ililia asubuhi moja, namba ndefu ya nje. Vidole vilimkataa, nikamsaidia kubonyeza, tukaiweka juu ya cherehani ikiwa na sauti ya kusikika chumba kizima.

"Baba."

Alilia, jamani. Mzee mzima alilia kwa sauti mpaka watu wakatoka milangoni, na mimi nikalia naye. Alimuuliza binti yake yuko wapi, naye akasema yuko kanisani, ni mkono tu umeumia, anaendelea vizuri. Aliongea Kiswahili, ili walio naye kanisani wasielewe, nacho kilikuwa kile kile cha Eldoret, kama mtu anayepiga kutoka hapo sokoni. Nilianza kuinuka niwaachie nafasi, lakini nikasikia sauti yake imebadilika.

"Baba, watu hapa wanasema kuna wazee waliwaita. Wewe ulikuwa mmoja wao?"

Mzee Gabrieli aliishika cherehani kwa mikono miwili. Halafu akasema, "Ndiyo. Niliwaita."

"Ukuta wa upande wa kambi uliangukia chumba cha pili," Veronika akasema. "Hakuna aliyetoka chumba cha pili. Sisi wa chumba cha kwanza mlango uling'oka wenyewe. Nilitoka nikitembea, Baba. Nilipita hapo kwao nikitembea." Alivuta pumzi. "Sasa sijui nikuambie asante ama nikuambie nini."

Mzee akaisukuma simu upande wangu. "Hapa kuna mwalimu," akasema kwa shida. "Hii ndiyo kazi yake. Mjibu."

Nilisema jambo la kwanza lililonijia. "Mwanangu, umekula?"

"Nimekula, Mama. Sasa nijibu."

Miaka yote hiyo mimi ndiye nilikuwa nauliza. Nikamwambia ukweli, sikuwa na kingine mfukoni. "Mimi nilisema wasiingie. Baba yako aliuona mkono wangu. Wangenisikiliza, leo ungekuwa bado ndani, na wenzako wa chumba cha pili wangekuwa ndani pia, wanapumua."

Nikangoja akate simu. Hakukata. "Na leo ungesemaje?" akauliza.

"Leo ningesema waingie." Nilishangaa kujisikia, na Mzee Gabrieli akainua uso. "Lakini usiniamini sana, Veronika. Nasema hivyo kwa sababu naisikia sauti yako. Ya wenzako siisikii."

Nyuma yake nikasikia benchi ikiburutwa sakafuni.

"Basi ngoja nikae chini, Mama," akasema. "Wa kwanza wa chumba cha pili aliitwa Josefina. Alikuwa anaimba vibaya sana, na hatukuweza kumnyamazisha."